OGame: Ripoti ya upelelezi inavyoweza kukuokoa au kukuponza

Kwenye mchezo wa OGame, kikosi ulichokijenga kwa miezi mitatu kinaweza kuteketea chote ukiwa umelala. Aliyekipiga hakubahatisha. Alituma chombo kidogo cha upelelezi, akasoma ripoti, akapiga hesabu, akaja.

Upande wa pili nako kuna kilio. Kuna mchezaji aliyesoma ripoti kwa haraka, akaona mali imelala bila mlinzi, akatuma meli zake zote. Hazikurudi.

Wote wawili wanafundishwa jambo lile lile: ripoti ya upelelezi ni picha ya sekunde moja tu. Anayeshinda ni yule anayejiuliza picha hiyo imeacha nini nje.

Kama uko Sapiwi, Bariadi mjini au popote Simiyu na unacheza au unataka kuanza kucheza kwa simu, haya ndiyo ya kuelewa kabla hujachoma bando lako.

Mchezo wenyewe ni upi?

OGame ni mchezo wa mkakati wa anga za juu unaochezwa kwenye kivinjari cha intaneti. Ulianza Ujerumani mwaka 2002 na unaendeshwa na kampuni ya Gameforge yenye makao yake Karlsruhe. Kuanza ni bure, na hauhitaji simu ya bei mbaya kwa sababu sehemu kubwa ni maandishi, namba na picha za kawaida.

Unapewa sayari moja. Unachimba rasilimali tatu: metali, kristali na deuteriamu. Kwa hizo unajenga migodi, unafanya utafiti, unatengeneza meli na mitambo ya ulinzi. Kila ulimwengu wa mchezo una maelfu ya sayari, na nyingi zina mwenyewe kama wewe.

Mchezo haulali. Ukifunga simu, migodi inaendelea kuzalisha na meli za wenzako zinaendelea kusafiri. Ndiyo maana taarifa ni mali. Anayejua jirani ana nini, na yuko macho saa ngapi, ana nusu ya ushindi mkononi.

Chombo cha upelelezi

Kwa mkato tukiite probu. Ndiyo meli ya bei rahisi kuliko zote: kristali 1,000 tu, hakuna metali wala deuteriamu kwenye kuijenga. Ili uanze kuitengeneza unahitaji kiwanda cha meli ngazi ya 3, injini ya mwako ngazi ya 3 na utafiti wa upelelezi ngazi ya 2.

Nguvu yake ni mwendo. Kasi yake ya msingi ni 100,000,000, wakati meli ndogo ya mizigo inaanzia 5,000. Safari ambayo kikosi cha vita kinaitumia masaa, probu inaimaliza fasta na kurudi.

Udhaifu wake nao uko wazi. Haina silaha ya maana wala ngao ya maana. Ikikutana na meli za vita, imekwisha.

Ripoti inafunguka kwa hatua

Hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza. Ripoti haionyeshi kila kitu kwa kila mtu. Inafunguka kwa hatua tano, kutegemea umetuma probu ngapi na utafiti wako wa upelelezi uko juu au chini ya wa mwenzako.

Kama mko ngazi moja, mambo yako hivi:

• Probu 1: unaona rasilimali.
• Probu 2: unaona na meli.
• Probu 3: unaona na mitambo ya ulinzi.
• Probu 5: unaona na majengo.
• Probu 7: unaona na utafiti wake.

Mkitofautiana ngazi, tofauti inazidishwa kwa yenyewe. Ukiwa juu yake kwa ngazi 2, unapata nyongeza ya 4, yaani probu moja inafanya kazi ya probu 5. Ukiwa chini yake kwa ngazi 2, unakatwa 4. Kuona meli zake tu, ambako kungehitaji probu 2, sasa kunahitaji 6. Akikuzidi ngazi 5, unahitaji probu 27 kwa kazi hiyo hiyo.

Sasa angalia mtego. Unatuma probu moja kwa mtu aliye ngazi sawa na yako. Ripoti inarudi na rasilimali kibao, na hakuna meli hata moja iliyotajwa. Mgeni anasema, "Huyu hana kitu, twende."

Kumbe sehemu ya meli haijafunguka kabisa. Kutoona meli na kuona kwamba hakuna meli ni vitu viwili tofauti. Kama sehemu ya meli na ya ulinzi hazimo kwenye ripoti, hiyo ripoti haijakwambia lolote kuhusu hatari. Ongeza probu, tuma tena.

Ukichungulia, unaonekana

Kila ukipeleleza, mwenye sayari anapata ujumbe kwamba meli za kigeni zimeonekana kwake, na ujumbe huo unataja zimetoka sayari gani. Hakuna kuchungulia kwa siri kabisa.

Watu wa Usukumani hawahitaji kufundishwa hili. Mgeni akipita kijijini akiulizia zizi la fulani lina ng'ombe wangapi na nani analala pale, jioni kijiji kizima kinajua. Wizi wa ng'ombe ndio uliowafanya Wasukuma na Wanyamwezi kuunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Nguvu yao kubwa ilikuwa taarifa kufika mapema: mwano unapigwa, kila mtu anatoka. Kwenye OGame ule ujumbe ndio mwano wako. Ukiupuuza, usilaumu mtu.

Probu inaweza pia kunaswa na kulipuliwa. Uwezekano wa kunaswa unaongezeka kwa mambo matatu: idadi ya probu ulizotuma, idadi ya meli zilizopo kwenye sayari ile, na ngazi ya utafiti wa upelelezi wa mwenye sayari ikilinganishwa na yako.

Hesabu yake ya kawaida si ngumu. Zidisha idadi ya probu kwa idadi ya meli, kisha gawanya kwa 4. Jibu ni asilimia, kama mko ngazi sawa. Probu 4 kwenye sayari yenye meli 20 ni asilimia 20. Kila ngazi anayokuzidi, jibu linazidishwa mara mbili. Kila ngazi unayomzidi, linagawanywa kwa mbili. Kwa mfano huo huo, akikuzidi ngazi 2 uwezekano unapanda hadi asilimia 80. Ukimzidi wewe ngazi 2, unashuka hadi asilimia 5.

Ndiyo maana wakongwe wanapandisha utafiti wa upelelezi mapema. Wenyewe hauleti mgodi wala meli, lakini unakupa faida mbili kwa mpigo: unaona zaidi kwa probu chache, na wengine wanaona kidogo kwako.

Kusoma ripoti kama mfanyabiashara

Tuchukue mfano. Ripoti inasema sayari ina metali 400,000, kristali 200,000 na deuteriamu 60,000. Jumla ni 660,000. Lakini kwa kawaida mshambuliaji anabeba nusu tu, kwa hiyo mezani kuna 330,000.

Za kubebea je? Meli kubwa ya mizigo inabeba 25,000 kabla ya nyongeza yoyote ya utafiti. Unahitaji 14. Ukitumia ndogo, inayobeba 5,000, unahitaji 66. Ukipeleka meli 5 kubwa, utarudi na 125,000, mali nyingine umeiacha, na mwenyewe ameshashtuka.

Halafu geuza upande wa hasara. Meli moja kubwa ya mizigo inagharimu metali 6,000 na kristali 6,000. Zile 14 ni rasilimali 168,000. Yaani ukizipoteza, umepoteza zaidi ya nusu ya faida uliyoifuata, na faida yenyewe hujaipata.

Ulinzi nao una siri yake. Mitambo ya ulinzi inayoharibiwa vitani, takribani asilimia 70 hujijenga upya baada ya vita. Meli unazotuma kushambulia zikiharibiwa, kwa kawaida hazijengeki upya. Kupambana na ulinzi mzito kwa sababu ya mali kidogo ni kumkatia mwenzako kuni.

Kwa hiyo kila ripoti iulizwe maswali matatu: nitabeba kiasi gani, nitapoteza kiasi gani, na mafuta ya safari yananigharimu kiasi gani. Kama jibu si faida ya kueleweka, futa ripoti, nenda sayari nyingine. Mkulima wa pamba hapeleki mzigo mahali ambako nauli inazidi bei.

Ambayo ripoti haisemi

Hata ripoti iliyofunguka yote ina mashimo. Haya ndiyo yanayoumiza watu.

*Meli zilizo safarini.* Probu inaona kilichopo kwenye sayari wakati inafika. Kikosi kilichotoka dakika moja kabla hakimo. Kinaweza kurudi sekunde chache kabla meli zako hazijatua, na ukakutana nacho mlangoni. Wachezaji wanaita mtego huu ninja, na wapo wanaoutega kwa makusudi: wanaacha mali ya kutamanisha, wanaondoa meli, kisha wanakusubiri.

*Mwezi.* Sayari nyingine zina mwezi pembeni, kwenye anwani ile ile. Ukipeleleza sayari, hujaona mwezi. Kikosi kizima kinaweza kuwa kimepaki pale huku ripoti ya sayari ikionyesha sifuri. Mwezi unapelelezwa kivyake.

*Marafiki.* Wachezaji wanaweza kutuma meli kulinda sayari ya mwenzao. Zikifika baada ya ripoti yako kutoka, hutaziona.

*Kama mwenyewe yuko macho.* Mchezo unakupa dalili. Kama kuna kilichotokea kwenye sayari ndani ya dakika 15 zilizopita, alama inaonekana. Kuanzia dakika 15 hadi 59, zinaonekana dakika zenyewe. Ikifika saa nzima, alama inatoweka. Lakini kuwa makini: hata probu yako ikifika pale inahesabika kama shughuli. Ukipeleleza mara ya pili baada ya dakika 20, usidhani jamaa ameamka. Huenda unaona nyayo zako mwenyewe.

Dawa ya mashimo haya ni moja: peleleza tena. Kikosi chako kikiwa njiani, kikiwa kimebakiza kama dakika moja kufika, tuma probu nyingine. Ukiona kitu kimebadilika, irudishe safari. Mchezo unaruhusu kurudisha meli muda wowote kabla hazijafika. Utapoteza mafuta kidogo, lakini kikosi kitabaki.

Saa ya Bariadi na saa ya Ulaya

Mchezaji wa Tanzania ana faida moja ambayo wengi hawaitumii.

Tanzania iko mbele ya Ujerumani kwa saa mbili majira ya baridi ya Ulaya, na kwa saa moja majira yao ya joto. Ukiamka saa 11 alfajiri kabla ya kwenda shambani au shuleni, kwao ni saa 9 au saa 10 ya usiku. Ukicheza kwenye ulimwengu wenye Wajerumani wengi, huo ndio muda ambao wengi wao wamelala fofofo. Ripoti ya saa hiyo ina uwezekano mkubwa wa kubaki kweli mpaka meli zako zifike.

Kinyume chake nacho ni kweli. Ukilala saa 3 usiku, kwao ni jioni na wapo kwenye simu. Saa zako za kwanza za usingizi ndizo saa zao za kuwinda.

Kuna na mkanganyiko wa kusoma saa. Mchezo unatumia saa ya seva kwa mfumo wa saa 24. Ukiona 19:40 kwenye seva ya Ujerumani majira ya baridi, ongeza saa mbili upate 21:40, kisha geuza kwa Kiswahili: saa 3 na dakika 40 usiku. Ukikosea hatua moja, utajikuta umeamka wakati kikosi kimeshafika zamani, au umetuma probu ya mwisho saa nzima mapema. Andika saa zote mbili kwenye daftari au kwenye simu kabla ya kutuma meli.

Kujilinda ukiwa umelala

Kama wewe unaweza kupeleleza, na wewe unapelelezwa. Kinga ya kwanza si kujenga mizinga kila kona. Kinga ni kuhakikisha probu ikija usiku haikuti kitu.

Kabla ya kulala, pakia rasilimali zako kwenye meli, uzitume safari ndefu itakayorudi muda ambao utakuwa umeamka. Hakuna anayeweza kushambulia meli zilizo safarini katikati ya anga. Atapeleleza, atakuta sayari tupu, ataondoka.

Ni akili ya mfugaji yeyote wa Simiyu: kama hujui usiku utaleta nini, ng'ombe hawaachwi nje ya zizi.

Hakikisha tu muda wa kurudi hautabiriki. Mchezaji mwenye mwezi anaweza kujenga kihisi maalumu kinachosoma safari za meli kwenye sayari zilizo jirani, kwa gharama ya deuteriamu 5,000 kila anaposoma. Akijua sekunde ambayo kikosi chako kinatua, anapanga chake kifike sekunde chache baadaye. Usirudi saa ile ile kila siku.

Na ule ujumbe wa meli za kigeni usiupite. Ukipelelezwa mara moja, huenda mtu anapita tu. Ukipelelezwa mara tatu na sayari ile ile ndani ya saa moja, kuna mtu anapiga hesabu zako. Toa meli, tumia rasilimali kwenye ujenzi, ukate faida yake.

Bando, hela na usingizi

Mchezo huu hauli bando kama video, ila unakula muda. Aliyekamatwa na vita anaamka saa 8 usiku kuangalia kikosi, saa 11 tena. Wiki mbili za hivyo, kazi au masomo yanaanza kuyumba. Kujifunza kutuma meli safari ndefu ni kujinunulia usingizi.

Kuna pia kitu kinaitwa mata nyeusi, sarafu ya ndani inayoweza kununuliwa kwa hela halisi ili kuharakisha mambo. Si lazima. Na mtu akishapoteza kikosi kwa hasira, ndiyo saa ya hatari ya kutoa hela. Funga simu kwanza, amua kesho.

La mwisho ni kanuni. Mtu mmoja anaruhusiwa akaunti moja tu kwa kila ulimwengu. Ndugu wawili wanaotumia simu moja kurusha intaneti wanaweza kuonekana kwenye mfumo kama mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Kama mnacheza nyumba moja, wasilianeni mapema na wasimamizi wa mchezo muulize utaratibu, na msianze kutumiana meli na rasilimali kabla ya kupata jibu. Akaunti kufungiwa inauma kuliko kikosi kulipuliwa, kwa sababu hiyo hata probu haiwezi kukuonya.

Kwa ufupi, kabla ya kubonyeza tuma:

• Sehemu ya meli na ya ulinzi zimefunguka kwenye ripoti?
• Umepeleleza na mwezi?
• Umepiga hesabu ya nusu ya mali, mafuta na hasara?
• Unajua saa ya seva ni saa ngapi kwako?
• Una probu ya kutuma dakika ya mwisho?

Jibu moja likiwa hapana, meli zibaki nyumbani. Kristali 1,000 ya probu nyingine ni rahisi kuliko miezi mitatu ya kujenga upya.